Mkuki Wenye Waya wa Shaba

Vijana niliowaacha kazini walinipa saa ya ukutani siku ya kuniaga, kisha wakaniomba niwaandikie niliyoyaona katika miaka yangu yote ya kutunza vitu vya kale hapa Kitale. Saa ilisimama baada ya wiki mbili. Haya ninayoandika natumaini yataenda mbele kidogo.

Niliingia jumba la makumbusho nikiwa msichana kutoka Kimilili, na viatu vya kuazima vilivyonibana. Aliyenipokea ni Bwana Opiyo, mkuu wa stoo, mtu mrefu aliyeongea kama anayelipia kila neno. Hakunionyesha ofisi wala choo. Aliweka kibuyu mezani, akanipa penseli, akasema, "Andika unachokiona." Nikaandika kwa fahari: kibuyu cha maziwa. Akasoma, akakigeuza kibuyu juu chini, akakitikisa.

"Maziwa umeyaona wapi?"

"Si vibuyu ni vya maziwa, bwana?"

"Hicho unakijua. Mimi nimeuliza unachokiona."

Nilikaa na kile kibuyu hadi wakati wa chakula cha mchana. Niliona mshono wa uzi wa mkonge, niliona mdomo umelika upande mmoja tu, na nilipokinusa nikasikia harufu ya asali. Bwana Opiyo akaitikia kwa kichwa, akaenda kula. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake kubwa kuliko zote, na sikupata nyingine kwa muda mrefu.

Vifaa vyetu ni vichache na havijabadilika sana. Brashi laini, utepe wa kupimia, lenzi, tochi. Tochi mshikilie kwa ubavu wa kitu, msimulike kutoka juu. Mwanga wa ubavuni ndio unaotoa mikwaruzo mafichoni. Chuma mkishike kwa glavu kwa sababu jasho lina chumvi. Lakini shanga mzishike kwa mikono mitupu iliyooshwa vizuri, maana vidole ndivyo vinavyosikia uzi unaotaka kukatika. Na kabla ya yote hayo, nuseni. Wageni watacheka. Waacheni wacheke.

Mtakutana pia na watu wanaoleta mali. Nimeletewa cherehani kuukuu ambazo mwenyewe ameapa ndani mna zebaki nyekundu ya kuuzwa kwa mamilioni. Nimeletewa sarafu za rupia zilizosuguliwa hadi sura ya mfalme ikapotea. Mwanamume mmoja alitoka Tongaren na kinyago alichosema kilizikwa na babu wa babu yake, na chini ya kinyago kulikuwa na kibandiko cha duka. Hatukumcheka. Tulimpa chai, akanywa, akarudi nacho nyumbani akiwa bado anakipenda.

Lakini mnachotaka kusikia, najua, ni habari ya mkuki.

Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu, msimu wa kuvuna mahindi. Alikuja mama mmoja amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa blanketi na magunia. Mlinzi alidhani ni bomba la maji, akamwelekeza kwa fundi. Alikuwa Mama Wangeci, mkulima wa nje kidogo ya mji. Familia ya mumewe ilihamia huku kutoka Nyeri, wakanunua kipande cha shamba la mzungu pamoja na nyumba yake ya mawe. Mkuki waliukuta humo ukutani, wakauacha ulipo.

"Mume wangu alipofariki watu walikuja matanga, wakauona," aliniambia. "Sasa kila wiki nina wageni. Wale Wabukusu wa Tongaren wanasema ni ya wazee wao. Wale vijana Wasabaot wa mlimani wanasema ni yao, ati iliibwa. Wanaongea polepole, wanakunywa chai, wanaenda. Lakini madam, mimi nimeona nyumba zikichomwa huku. Najua mambo huanza na chai."

"Unataka nikusaidie vipi, mama?"

"Uniambie mwenyewe ni nani, nimpatie. Kijana wangu alitaka kuiuza kwa simu, kuna mtu wa Nairobi anaitaka. Nikamwambia, uza mimi kwanza."

Alikataa chai. Aliposimama kuondoka alinishika mkono. "Hata jibu likiwa baya, uniambie tu."

Tuliufungua mezani baada ya yeye kwenda. Hata mtu aliyeona mikuki mingi kama mimi alilazimika kuvuta kiti. Ulikuwa mrefu kuliko mwanamume mrefu. Kichwa chake kilikuwa kama jani pana lenye mshipa katikati. Chini ya kichwa palivalishwa ngozi iliyoshonewa shanga nyeupe na nyekundu, na katikati ya mpini pamezungushiwa waya wa shaba, nyekundu kisha ya manjano, kwa zamu, umbali wa dhiraa nzima. Chini kabisa kulikuwa na chuma cha kuusimika ardhini. Makali hayakuwahi kunolewa. Huu haukuwa wa kumuua mtu wala chui. Ulitengenezwa ili utazamwe.

Nilimtumia picha mwenzangu wa chuo kikuu. Akaniondolea Wamaasai, kwa kuwa mkuki wao una kichwa kirefu chembamba na mti mfupi. Akaniondolea Waturkana, kwa kuwa wao hupenda kichwa kidogo juu ya mpini mwembamba. Kisha akasema kwa ungwana kwamba kuzunguka Elgon watu wameuziana vitu tangu zamani mno, na kwamba kutoka hapo picha hazitoshi, nikatafute watu.

Nilianza kwa kusafisha masizi kwa brashi na kitambaa kikavu. Mahali mpini unapoingia kwenye chuma zilitokea alama tatu fupi na moja iliyopinda kama ukucha. Mhunzi alikuwa ametia sahihi. Halafu nikapitisha tochi kwa ubavu wa waya, na katika mwanya mmoja mdogo nikaona mti umekatwa mshazari na kuunganishwa. Kumbe mpini ulikuwa umevunjika siku nyingi, na yale mapambo yote ya shaba yalikuwa bendeji. Hilo sikumwambia mtu yeyote. Daima bakizeni jambo moja msilolisema nje. Ndilo litakalotenganisha anayejua na anayetamani.

Lazima niseme hapa kwamba mimi ni Mbukusu. Mjomba wangu, Khocha Wekesa, kaka yake mama, ni mmoja wa wazee wa ukoo wetu, na alikuwa miongoni mwa waliokunywa chai kwa Mama Wangeci. Walikuwa wakiandaa siku kubwa ya utamaduni ya ukoo na walitaka mkuki ule usimame mbele ya wazee. Alinipigia simu mara tu aliposikia uko mezani pangu.

"Nasimiyu, mwana wa dada yangu. Mungu ametuwekea mtu mahali pake."

"Khocha, bado naangalia."

"Angalia tu. Lakini wewe si mgeni. Ukiangalia utaona ni yetu."

Nisiwadanganye, nami nilitaka uwe wetu. Nilipokuwa mdogo kila kitu kizuri nilichoambiwa kuhusu wazee wetu kilikuwa hadithi tu. Kitu cha kushika sikuwahi kupewa.

Niliweka karatasi juu ya zile alama, nikazisugua kwa penseli hadi zikajitokeza, nikaanza kuzunguka na ile karatasi. Wahunzi wa Kimilili waliitazama, wakanielekeza Malakisi. Huko nilimkuta Mzee Barasa chini ya mabati yake, akinyoosha jembe. Macho yake yalikuwa yameanza kwenda. Hakuisoma karatasi, aliipapasa, ingawa penseli haina kina chochote, kisha akaomba nimwelezee.

"Tatu fupi," nikasema, "na moja imepinda."

"Imepinda kwenda wapi?"

"Kushoto."

Aliweka nyundo chini. Akaingia ndani, akarudi na kisu cha kukatia majani ya tumbaku, kimelika hadi kimebaki nusu. Kwenye shina lake zilikuwemo alama zilezile.

"Hiyo ni mkono wa papa, baba yangu mwenyewe," akasema. "Kushoto, kwa sababu alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Iko wapi hiyo mkuki? Nataka kuishika."

Nikamwahidi. Nikamuuliza kuhusu shanga na waya.

"Hapana, hiyo si sisi. Sisi tulikuwa tunatoa chuma tu. Mti na mapambo ni ya mwenyewe."

"Na mwenyewe alikuwa nani?"

Akacheka. "Mama, kwa papa walikuwa wanakuja Wabukusu, Wateso, Wasabaot, watu wa ng'ambo ya Uganda. Yeye alikuwa anauliza kitu moja tu: unataka urefu gani?"

Habari ilinitangulia kufika. Nilipoingia ofisini kesho yake Khocha Wekesa alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, kavaa koti lake la harusi na kofia mapajani. Wazee walikuwa wamesikia kutoka Malakisi, na ng'ombe wa sherehe alikuwa ameshanunuliwa.

"Tumekuja kushukuru," akasema, ingawa alikuwa peke yake.

"Khocha, sijamaliza."

"Aliyeifua ni Mbukusu?"

"Ndiyo."

"Chuma ni yetu?"

"Ndiyo."

"Sasa nini imebaki?"

"Imebaki aliyeagiza." Nikamtazama. "Khocha, hilo koti lako alishona nani?"

"Fundi mmoja wa Kimilili. Mkikuyu."

"Basi hilo ni koti la Wakikuyu."

Aliliangalia lile koti, vifungo hadi chini. Hakucheka. "Umekuwa mtu wa maneno mengi, Nasimiyu," akasema, akavaa kofia yake na kutoka bila kuaga. Mama yangu alinipigia jioni ileile kuniuliza nimemfanya nini kaka yake. Kwa majuma yaliyofuata, kila nilipokwenda nyumbani, mazungumzo yalikuwa yananyamaza mlangoni. Nilianza kufikiria ningeweza kuandika tu kwamba mkuki ulifuliwa na Mbukusu, neno la kweli kabisa, na kuacha watu waelewe wanavyopenda. Mkutubi wa jumba letu alinishauri hivyo hivyo, kwa nia njema. Lakini kila nikishika kalamu nilimwona Mama Wangeci amenishika mkono.

Nikapanda Kapsokwony, kwa Wasabaot wa mlimani, Jumapili moja. Nilisubiri ibada iishe, nikawaonyesha akina mama picha za zile shanga kwenye simu. Walibishana kwa Kisabaot kwa furaha kubwa, kisha wote wakanyoosha vidole upande mmoja, kwenye boma la bibi waliyemwita Kogo Chemutai, yaani nyanya. Mjukuu wake mmoja wa kike, mwalimu wa shule ya msingi, alinipeleka.

Kogo alikuwa amekaa juani akichambua maharagwe. Aliichukua simu, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu. Hakusema lolote kuhusu shanga. Aliuliza, "Huu waya, mmeutoa?"

"Hapana, kogo."

"Msiutoe. Chini yake umevunjika."

Niliketi chini kando ya maharagwe yake. Nikajikaza. "Umevunjika vipi?"

"Kaka yangu, huyo mjinga. Asubuhi ya harusi ya dada yetu mkubwa. Baba alikuwa amesimika mkuki mlangoni, wageni wauone wakifika. Yeye akauchukua kukimbizia mbuzi. Akaanguka nao kwa mtaro. Tukaficha! Baba akaukuta." Akaanza kucheka, na meno aliyobakiza yalikuwa mazuri. "Hakumpiga. Wageni walikuwa njiani. Alikata mti hivi," akapitisha kidole mshazari kwenye mkono wake, "akaunganisha, akachukua waya wa bangili za mama yangu, na za shangazi, na za jirani, akazungusha, akazungusha. Bwana harusi alipofika akasema, jamani, watu hawa wana mkuki mzuri namna gani! Mama yangu alikuwa amesimama hapo, mikono mitupu."

Mwalimu, mjukuu wake, alikuwa hajawahi kuisikia hadithi hiyo. Nilimwona amefunika mdomo.

Nikauliza kuhusu shanga, maana katika safu moja ya nyeupe kulikuwa na ya buluu peke yake, nami nilikuwa nimeisumbukia sana na kuiwazia maana kubwa.

"Nyeupe ziliisha," Kogo akasema.

"Na chuma, mlikitoa wapi?"

"Baba alishuka huko Malakisi kwa mhunzi wa mkono wa kushoto. Alichelewesha, huyo mtu! Baba alienda mara nyingi mpaka akawa rafiki yake." Kisha uso wake ukatulia. "Halafu askari wa wakoloni walipita kuchukua silaha. Baba aliwaambia huu si wa vita, ni wa harusi. Hawakusikia. Mimi niliwaona wakiubeba kumpelekea mzungu wao. Hakutengeneza mwingine."

Nilirudi Kitale nikamwambia Mama Wangeci jibu. Akasema tutaupeleka pamoja, yeye mwenyewe aukabidhi. Siku ya kwenda alikuwa amevaa kitambaa kipya kichwani. "Wakiuliza kwa nini tumekaa nayo miaka yote?" aliniuliza njiani.

Kogo aliupokea akiwa amesimama, na vijana wawili walitaka kumsaidia, akawasukuma. Alipitisha kiganja kwenye waya. Alinusa ngozi. Halafu akamtazama Mama Wangeci kwa muda.

"Mlikuwa mnauweka wapi?"

"Ukutani, kogo," sauti yake ilikuwa ndogo. "Juu ya mahali pa kuota moto. Tuliukuta hapo, hatukuutoa."

"Ndiyo sababu wadudu hawajala mti. Moshi." Akamshika mabega. "Umenitunzia kitu cha baba yangu. Wewe kaa hapa, utakula kwangu."

Mama Wangeci alikaa, na ndipo alipolia, huku akijaribu kujizuia na kuomba radhi. Vijana wa boma, baadhi yao walewale waliokuwa wakienda kwake kunywa chai, walimletea kiti chenye mgongo. Tulikula hadi jua likazama nyuma ya mlima, na Kogo alirudia hadithi ya mbuzi kila mgeni mpya alipoingia.

Mzee Barasa naye nilimpeleka, kama nilivyoahidi. Alishika kichwa cha mkuki, akapapasa mshipa wake kutoka shina hadi ncha. Kogo alimwambia, "Baba yako alikuwa mtu wa kuchelewesha kazi." Mzee akajibu, "Hata mimi, mama. Hiyo tumerithi." Walikaa pembeni wakiongea, Kiswahili chao kikivunjikavunjika, na sikutaka kuwakaribia.

Mliobaki mtaniuliza kuhusu Khocha. Nilimwendea mwenyewe nyumbani, nikamwambia yote, hata bangili za mama. Alisikiliza akitazama nje.

"Sasa ng'ombe tumenunua," akasema mwishowe.

"Si mtamla tu, Khocha?"

"Tutasimamisha nini mbele ya wazee? Mfupa?"

"Mhunzi mko naye."

Wiki iliyofuata alikuwa Malakisi. Mzee Barasa alimwambia mikuki alikuwa ameacha kufua tangu ujana, na macho hayafai. Ila ana binti, Nafula, anayechomelea mageti huko Kimilili. Nafula alikuja na miwani yake ya kuchomelea, akataka kutumia umeme. Baba yake akamkatalia: moto, nyundo na springi ya lori, basi. Kichwa cha kwanza kilipinda. Cha pili kilipasuka, na Nafula akasema maneno ambayo Khocha alijifanya hakuyasikia. Nilipofika kutazama alikuwa kwenye cha tatu, jasho linamtiririka, na mzee amekaa kando akisikiliza nyundo. Alikuwa akisema, "Hapo. Hapo tena. Hapana, umeacha ipoe."

"Aki papa, wewe hata huoni!"

"Nasikia."

Cha tatu kilitoka, kikatiwa mpini. Siku ya utamaduni mkuki huo ulisimama mbele ya wazee, na Khocha Wekesa alimwambia kila mgeni kwamba umefuliwa na msichana wa kwetu, kana kwamba yeye ndiye aliyempeleka shule. Mimi alinikatia nyama mwenyewe. Hatukuzungumza tena juu ya koti. Tangu hapo Nafula amefua mingine. Ameniambia mageti yanalipa zaidi, lakini mikuki inamfanya alale vizuri.

Na mkuki wa Kogo? Familia yake ilikaa ikaamua nyumba yao haina mahali salama, wakatuomba tuuweke kwenye kabati letu la kioo, kwa sharti moja: ni mali yao, na wakiuhitaji wanauchukua. Wakubwa wa jumba walisita. Nilisema kwamba kitu cha harusi kisichokwenda harusini ni chuma tu, na sijui kama ni hoja hiyo au ni uchovu wao, wakakubali. Tangu hapo mara kwa mara mwalimu, mjukuu wa Kogo, huja na blanketi kuuchukua. Wanafunzi wa ziara hulalamika wakikuta kabati tupu. Kwa hiyo kazi ya mwisho niliyofanya kabla ya kukabidhi funguo ilikuwa kuandika kadi ndogo ya kuwekwa ndani ya kioo kila inapotokea hivyo. Nimesikia mmeshaitumia mara mbili mwaka huu, na nimefurahi kuliko mnavyodhani. Imeandikwa: *Mkuki umekwenda harusini. Utarudi Jumatatu.*